Kiitaliano cha jikoni: kisa cha mama wa Tanga katika bonde la Seriana

Mama huyu aliishi Italia miaka minne bila Kiitaliano. Kisha, akiwa na miaka 43, alianza kuzungumza ndani ya msimu mmoja wa baridi, na waliomfundisha ni bibi wa miaka zaidi ya 80 na sufuria ya polenta, ule ugali wa Waitaliano. Mwaka uliofuata alikwenda kufanya mtihani wa Kiitaliano wa ngazi ya A2, yaani ya msingi, ambao mgeni anatakiwa kuupita ili apewe kibali cha ukaazi wa muda mrefu, akaanguka. Sote tuliozoea kumsikia akiongea tulishangaa. Hapo ndipo aliponijia, kwa kuwa nimekuwa nikiwasaidia Waswahili wa huku kujiandaa na mitihani hiyo.

Nakiandika kisa chake kwa urefu kwa sababu wapo wengi waliokwama pale alipokwama yeye, na ushauri wanaopewa kila siku ni uleule: changamana na wenyeji, lugha itakuja yenyewe. Kwa Mama lugha ilikuja, lakini haikuja yenyewe, na ilipokuja ilikuwa na mapengo ambayo mtu anaweza kuyaona mapema akijua pa kutazama.

Majina siyataji. Yeye ni Mama, ndivyo tunavyomwita sote hapa Bergamo, kaskazini mwa Italia. Mwajiri wake ni Bibi. Kijiji nacho kitoshe kujulikana kuwa kiko Val Seriana, lile bonde linalopanda kaskazini kutoka Bergamo kuelekea milimani, ambako theluji ya Januari inaweza kulala barabarani wiki nzima.

Miaka minne ya kwanza ina maelezo rahisi. Mumewe alitangulia, akapata kazi ghalani, akawaleta mkewe na watoto kwa utaratibu wa kuunganisha familia. Nyumbani ni Kiswahili, cha Tanga hasa. Watoto waliingia shule, na baada ya mwaka mmoja walikuwa wakibishana kwa Kiitaliano wakidhani wazazi hawasikii. Binti mkubwa akawa mkalimani wa familia: kwa daktari, benki, kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Mama alikuwa akianza kutafuta neno, na mtoto ameshamaliza sentensi. Simlaumu mtoto. Alitaka wamalize haraka warudi nyumbani. Ila kwa miaka minne Mama hakuwahi kupata nafasi ya kukwama mbele ya mtu, akahangaika, akatoka na neno lake mwenyewe.

Alijaribu darasa. Italia ina vituo vya serikali vya elimu ya watu wazima, CPIA, ambavyo hufundisha Kiitaliano kwa wageni bure au kwa ada ndogo, na mimi huwapeleka watu huko bila kusita. Mama alihudhuria wiki chache akaacha. Somo lilikuwa la stesheni, tiketi na hoteli; yeye hapandi treni, na hoteli hajalala tangu azaliwe. Alikuwa akirudi nyumbani usiku na maneno ambayo kesho yake hana pa kuyapeleka.

Kazi kwa Bibi aliipata mwezi Novemba. Bibi ni mjane, akili yake timamu, lakini baridi yabisi imemkunja vidole kiasi kwamba hashiki kisu wala mwiko. Binti yake anafanya kazi Milano na huja Jumapili. Mama alitakiwa afike asubuhi, asafishe, ampikie Bibi chakula cha mchana, amwachie cha jioni. Kwenye mapatano hakuna aliyetaja lugha.

Msimu una uzito wake katika kisa hiki. Sehemu hii ya Italia mitambo ya kupasha nyumba joto huruhusiwa kuwashwa kwa kawaida kati ya tarehe 15 Oktoba na 15 Aprili, na kwa saa zisizozidi 14 kwa siku. Wazee wengi hubana zaidi ya hapo kwa hofu ya bili. Chumba chenye joto la uhakika nyumbani kwa Bibi ni jiko, kwa sababu pale moto unawaka kwa ajili ya chakula, na chakula cha baridi cha Lombardia, mkoa wetu huu, hakiivi haraka. Supu ya kuku mzee, inayoanzwa na maji baridi pamoja na karoti, kitunguu na selari, inataka saa tatu za moto mdogo na mtu wa kuengua povu. Maharage ya borlotti huloweka tangu usiku. Polenta ni karibu saa nzima ya kukoroga. Bibi hakuwa na pengine pa kukaa, na Mama hakuwa na pa kukimbilia.

Siku ya kwanza ya polenta ninayo kwa masimulizi ya wote wawili, na yanafanana. Mama alipoona unga wa mahindi na maji ya moto alifarijika: angalau hili analijua. Alikoroga uji kidogo, akaongeza unga, akasonga, na baada ya robo saa ugali wake ulikuwa umeshikana, hauna donge hata moja, umeachana na sufuria. Akaupakua. Bibi akaonja kwa ncha ya uma, akasema: "È cruda." Mbichi. Mama alidhani hakusikia vizuri. Kwa Tanga ugali ule ungesifiwa. Bibi akamwashiria aurudishe jikoni, na hapo ikaanza saa nzima ya maneno: ongeza maji, "aggiungi acqua", koroga, "gira", punguza moto, "abbassa", bado, "non ancora".

Bibi alikuwa na haki. Unga wa polenta ya Bergamo ni wa manjano na umesagwa kwa chembe kubwa, wao huuita bramata, na chembe hizo zinahitaji dakika 45 hadi 60 ili zinywe maji zilainike hadi ndani. Sembe yetu ni laini mno, ndiyo maana inaiva upesi. Nusu kilo ya bramata hutaka maji kama lita mbili, chumvi hutangulia, na unga hunyunyizwa kidogokidogo maji yakichemka. Binti yake alikuwa amemnunulia sufuria ya shaba yenye mota inayokoroga yenyewe, kifaa kilichoenea sana katika nyumba za Bergamo. Bibi aliifungia kabatini. Namshukuru kwa hilo. Mota ile ingewaka, Mama angekwenda kupiga pasi chumba cha pili, na kisa hiki kisingekuwapo.

Baada ya siku hiyo polenta ilipikwa karibu kila wiki, mara na sungura, mara na uyoga, mara na jibini tu. Maneno yaleyale yalirudi kwa mpangilio uleule, na kila neno lilifuatiwa na jambo linaloonekana. Ukisikia "abbassa" ukaongeza moto, polenta inakurukia mkononi. Ukisikia "gira" ukasimama, inashika chini. Mtu mzima anayejifunza lugha kwa kawaida hapati jibu la papo hapo kiasi hicho. Darasani mwalimu anakusahihisha kwa upole. Barabarani watu wanatabasamu wanapita, na wewe hujui kama ulieleweka. Pale jikoni kosa lilinuka.

Lakini nadhani kilichofanya kazi kubwa zaidi ni jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Mama ni Mwislamu, hali nguruwe wala haonji chenye mvinyo. Jiko la Lombardia wakati wa baridi limejaa vyote viwili. Kuna cassoeula, kabichi ya mikunjo iliyopikwa na vipande vya nguruwe, ambayo watu husema ni tamu zaidi kabichi ikishapigwa na jalidi ya kwanza. Wanasema kweli, kwa sababu baridi huifanya kabichi ijiwekee sukari zaidi majanini. Kuna cotechino, soseji nene ya nguruwe, na dengu za mwaka mpya. Kuna risotto, wali wa Kiitaliano, ambayo huanzwa kwa kumwagia mvinyo mweupe juu ya mchele. Walikubaliana mapema: nguruwe ataletwa na binti Jumapili na atapikwa na binti. Kwa vyakula vingine vya nyama ambavyo Mama hana uhakika navyo, yeye atapika, Bibi ataonja.

Tazama hilo lilileta nini. Mpishi asiyeonja lazima aulize. Chumvi imetosha? Imekolea? Bado ngumu? Na anayeonja lazima ajibu kwa maneno, kwa sababu mikono yake haiwezi kutia chumvi mwenyewe. "Manca sale", chumvi haitoshi. "È ancora duro", bado ngumu. "Troppo", imezidi. "Così va bene", hivyo sawa. Mmoja ana mikono, mwingine ana ulimi, na chakula hakifiki mezani mpaka wasemezane. Nimeona madarasa mengi ya mazungumzo ambamo watu wawili hupewa karatasi waigize mnunuzi na muuzaji. Wanasoma mistari yao wanakaa. Hapa hakuna aliyeigiza. Bibi alikuwa na njaa.

Hatua kwenye sarufi zilifuata njia ambayo mwalimu asiyejua Kiswahili huenda asingeitarajia. Vijineno vinavyotangulia nomino, "il", "lo", "la", "gli", vilimsumbua Mama na vinamsumbua hadi leo, kwani kwetu havipo. Ila upatanisho haukumsumbua hata kidogo. Sisi tunasema nyama mbichi, maharage mabichi, viazi vibichi, na hatufikirii. Kwa hiyo aliposikia "la carne è cruda", "il riso è crudo", "i fagioli sono crudi", "le patate sono crude", hakushangaa kwa nini neno linabadilika mkia. Alikuwa akisubiri libadilike. Wenzake Wachina na Wafilipino darasani walihangaika na jambo hilo miezi. Vivyo hivyo amri zenye kitendwa ndani yake: sisi tuna "iweke", "yaweke", "viweke", Waitaliano wana "mettila", "mettili", "mettile". Kwetu kitendwa kinatangulia mzizi, kwao kinafuata, lakini wazo la kubana "kile tunachokizungumzia" ndani ya kitenzi alikuwa nalo tangu utotoni. Kabla ya Krismasi alikuwa akilisema bila kuhesabu. Natamani kila mwalimu anayempokea Mswahili ajue kwamba asianzie sifuri kwenye haya mawili.

Njeo ya zamani za mazoea ilitoka kwenye hadithi. Polenta inakorogwa, dirisha limefunga ukungu, na Bibi anasimulia: "mangiavamo", tulikuwa tukila, "andavamo", tulikuwa tukienda, "non c'era niente", hapakuwa na kitu. Utotoni alikula polenta na maziwa baridi jioni baada ya jioni. Alimweleza Mama habari alizozisikia kwa wakubwa wake juu ya pellagra, ugonjwa uliowachubua ngozi na kuwavuruga akili wakulima wa kaskazini mwa Italia katika karne ya 18 na ya 19, kwa sababu maskini walikula mahindi matupu, na vitamini iliyomo ndani ya mahindi mwili hauwezi kuichukua vizuri yakipikwa hivihivi. Watu wa Meksiko, ambao mahindi ni yao kwa asili, huyachemsha na chokaa, na hawakuwa na balaa hilo; waliovuka bahari na mbegu hawakuvuka na ujuzi wake. Mama alinirudishia habari hii yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, akiwa na uchungu kana kwamba ni ya ukoo wake. Alikuwa ameielewa kwa Kiitaliano. Mtu aliyekuwa hawezi kununua dawa peke yake mwaka mmoja kabla.

Kiangazi kikafika, mambo yakalegea. Mtu hapiki supu ya saa tatu mwezi Julai. Bibi alikula nyanya na jibini, Mama alikata, akaosha, akamaliza, na mazungumzo yakapungua hadi salamu. Vuli ilipokuja alikuwa ametimiza muda wa kuomba kibali, akaomba mtihani.

Watu wengi huuingia mtihani huu bila kujua umetengenezwaje. Unachukua saa moja. Kuna kusikiliza, kuna kusoma, kuna kuandika ujumbe mfupi au kujaza fomu, na lazima upate asilimia 80. Kuongea hakumo. Yaani kile chote ambacho Mama alikuwa amekijenga kwa msimu mzima, uwezo wa kusimama na mtu akasemezana naye, hakikupimwa hata kwa dakika moja.

Alipokuja nilimpa karatasi, nikamwomba amwandikie jirani ujumbe wa mistari mitano: jana ulikwenda wapi, umenunua nini, mwalike kwa chakula. Aliandika haraka, kwa kujiamini, na karatasi ile ilinionyesha ugonjwa wote.

La kwanza, herufi mbilimbili. "Buro", "cipola", "late", "fredo", badala ya "burro" (siagi), "cipolla" (kitunguu), "latte" (maziwa), "freddo" (baridi). Kiswahili hakitofautishi maneno kwa kushikilia konsonanti, kwa hiyo sikio letu halina mazoea hayo. Na Bibi hakuweza kumsaidia, kwa sababu watu wa kaskazini wenyewe huzilegeza: lahaja zao za asili hazinazo, na wazee wanapozungumza Kiitaliano huzitamka nusunusu. Anayejifunza Napoli husikia "freddo" imekazwa hadi mwisho. Anayejifunza Val Seriana itambidi aipate kwa macho.

La pili, "ho andata", akitaka kusema nimekwenda. Kiitaliano husimulia jambo lililopita kwa vitenzi saidizi viwili, na vitenzi vya mwendo hutumia kile cha "kuwa": "sono andata". Sasa fikiria jikoni watu husema nini. Nimekata, nimeweka, nimemenya, nimechemsha, nimeongeza. Vyote hivyo ni vya "kuwa na": "ho tagliato", "ho messo". Msimu mzima Mama alisikia upande mmoja tu, na akili yake ikafanya jambo la busara kabisa, ikaifanya kanuni.

La tatu, lahaja. Penye "lavorare", kufanya kazi, aliandika "laurà", ambalo ni neno la Kibergamo safi. Bibi huchanganya lugha zote mbili ndani ya sentensi moja, na Mama hakuwa na njia ya kujua mpaka uko wapi.

La nne halikumo kwenye karatasi, nililisikia kwa masikio yangu tulipokwenda pamoja ofisi moja kufuatilia ombi lake. Alimwambia karani, mwanamume mtu mzima, "dammi il foglio". Nipe karatasi, kama unavyomwambia mtoto. Karani alikunja uso. Mama, ambaye hawezi kumpita mzee njiani bila shikamoo, hakujua kwamba amekosa adabu. Bibi alimwamuru kwa umbo la "wewe" kila siku, nalo ndilo umbo pekee la amri alilokuwa nalo.

Nilimwomba ruhusa Bibi, nikapanda basi kwenda kuwatazama wakiwa kazini. Siku hiyo ni minestrone, supu ya mboga. Mama amesimama, Bibi amekaa kwenye kiti chenye mto, miguu kwenye kijistuli karibu na jiko. Mama alikata karoti, kitunguu na selari vipande vidogo sawasawa, akavikaanga polepole kwa mafuta ya zeituni, na Bibi akasikiliza. Narudia, akasikiliza: kichwa ameinamisha, na mlio wa sufuria ulipobadilika alisema "abbassa" kabla Mama hajageuka. Ganda la jibini la parmigiano lilikwanguliwa likatumbukizwa ndani ya supu. Mama aliuliza kwa nini, ingawa jibu alilijua tangu mwaka jana, nikagundua anamuuliza ili Bibi asimulie tena. Mazungumzo hayakukatika saa nzima. Yalikuwa Kiitaliano hai kabisa, chenye makosa yaleyale manne.

Niliona kwamba jiko halina haja ya kuachwa. Lilihitaji kuongezewa milango.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa heshima. Nilimwambia Mama: Bibi akikuita "tu", wewe ya kawaida, mwache, ni haki yake kwa umri. Wewe mrudishie "Lei", wewe ya heshima. Yeye anasema "assaggia", onja, wewe sema "assaggi, signora". Yeye "aspetta", subiri, wewe "aspetti". Kwa njia hiyo maumbo yote mawili yakawa jikoni kwa wakati mmoja, kila moja na mwenyewe, na hakuna jedwali la sarufi la kukariri. Mama alilipokea kwa furaha ambayo sikuitegemea, kwa maana alikuwa muda wote akihisi hamheshimu Bibi ipasavyo na hajui tatizo liko wapi. Bibi naye, kwa maelezo ya binti yake, aliona mabadiliko siku ileile.

Mlango wa pili ulikuwa daftari. Tulikubaliana na binti kwamba kila siku, kabla ya kuondoka, Mama ataacha ujumbe wa mistari mitatu au minne mezani: Bibi amekula nini, kimeandaliwa nini kwa kesho, nini kimeisha nyumbani. "Oggi la signora ha mangiato poco. Ho messo i fagioli in ammollo. È finito il burro." Binti alihitaji kweli habari hizo, mama yake amezeeka na yuko mbali naye. Jumapili alisahihisha kwa kalamu nyekundu na mara nyingine aliandika jibu. Ujumbe mfupi wenye sababu, kwa mtu atakayeusoma: hicho ndicho kipande cha kuandika cha A2, kikifanywa kila siku ya kazi badala ya mara moja kwenye chumba cha mtihani.

Herufi mbilimbili zilisubiri mlango wa tatu, ambao Mama alikuwa tayari ameufungua bila kujua. Kwa ajili ya dini yake alikuwa msomaji mkali wa maandishi ya pakiti: anatafuta "strutto", mafuta ya nguruwe yanayojificha ndani ya mikate, anatafuta "lardo", "gelatina", "vino". Strutto lina t mbili. Nikamwomba asome pakiti nzima, si kutafuta adui peke yake, na anakili maneno matano kwa kila safari ya dukani. "Burro" yenye r mbili iko kwenye kila pakiti ya siagi Italia. Ukiiona mara nyingi kiasi hicho na ukaiandika kwenye daftari, mkono unakumbuka hata kama sikio halikubali.

Na vitenzi vya mwendo? Bibi alianza kumtuma sokoni, kisha anamhoji. Umekwenda kwa nani? Umerudi saa ngapi? Nani umekutana naye? "Sono andata, sono tornata", nimekwenda, nimerudi. Wazo hili lilikuwa la Bibi mwenyewe baada ya kuelezwa tatizo, na alilitekeleza kwa bidii ya kipolisi.

Safari hii Mama alirudi pia CPIA, jioni mbili kwa wiki. Mwalimu alifundisha kama kawaida, na masomo yalikuwa yaleyale ya stesheni na hoteli. Tofauti ni kwamba Mama alikuja na maswali. Alikuwa anajua analolitafuta mle ndani: anaandikaje, lipi ni Kiitaliano na lipi ni cha Bergamo peke yake. Tangu hapo siwaambii watu tena waanze na darasa halafu wachangamane. Kwa mtu mzima mwenye kazi za mikono na shule kidogo nyuma yake, nimeona inasaidia zaidi apate kwanza miezi michache ya kusemezana juu ya jambo analolijua, halafu darasa limpangie alichokusanya. Kwa kijana aliyetoka chuo mpangilio unaweza kuwa tofauti.

Mwezi Machi alifanya mtihani tena. Alifaulu.

Kuna mambo ambayo kisa hiki hakiyatoi. Bibi mwenye akili timamu na subira ni bahati. Wapo mama zetu wanaolea wazee wenye usahaulifu mkubwa, ambao hawawezi kujibu "imekolea" au "bado". Wapo wanaolala huko huko kazini, ambao mkataba wa kazi za nyumbani unawapangia hadi saa 54 kwa wiki na hawana jioni ya darasa. Kwao sehemu ya daftari na ya kusoma pakiti inaweza kusaidia, lakini ile ya kusemezana itabidi itafutwe kwingine, pengine kwa jirani, pengine kwa kikundi cha kupika pale msikitini au parokiani. Na wapo waajiri ambao hawataki kuongea. Kwa hao sina dawa.

Sasa Mama analenga B1, ngazi inayofuata A2 na inayotakiwa kwa uraia tangu sheria ibadilishwe mwishoni mwa 2018. Kule kuongea kunapimwa, na hilo halimtishi. Linalomtisha ni kiangazi, maana mwaka wa kwanza aliona jinsi lugha inavyorudi nyuma moto wa jikoni ukizimwa. Mpango tulioupanga na Bibi na binti yake ni wa chakula cha akiba: mwezi Julai mboga za siki, karoti, koliflawa na pilipili hoho, za kufungwa kwenye mitungi, mwezi Agosti nyanya za kusaga na kuchemshwa ndani ya chupa kwa ajili ya mwaka mzima. Ni kazi ya siku nzima kila safari, ya kusimama watu wawili, na chupa lazima ziandikwe karatasi. Mama ataandika. Binti ameshanunua chupa.